Kikatwe Tu, Shemeji

Kila alasiri, akitoka shule, Inspekta alikuwa na kazi moja kabla ya kuvua sare: kumpelekea baba yake chai karakana. Mama yake alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni karibu na dirisha. Alimwachia chupa ya chai mezani na mkate uliofungwa kwenye kitambaa, na bila kuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akiishona alisema maneno yale yale: "Nenda moja kwa moja, usianze kuchungulia mambo ya watu njiani."

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani kote aliitwa Inspekta. Baba ndiye aliyempachika jina hilo, siku maziwa yalipopotea jikoni na yeye, akiwa bado mdogo, akafuata nyayo za unga hadi chini ya uzio na kumkuta paka wa jirani akijilamba masharubu. Watu walicheka, wakamsifu, na sifa zile zikamwingia kichwani. Tangu hapo hakuweza kuona mlango uliofungwa bila kujiuliza kuna nini nyuma yake. Watu wawili wakinong'ona, yeye tayari ameshategesha sikio.

Siku moja alipofika karakana hakusikia msumeno wala nyundo. Karakana kuwa kimya saa ile halikuwa jambo la kawaida. Badala ya kupiga hodi, akapunguza mwendo. Milango mipya iliyosubiri vanishi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na nyuma yake palikuwa na upenyo wa kumtosha mtu mwembamba. Akajibanza hapo, chupa ya chai kifuani.

"Kikatwe tu, shemeji," sauti ilisema. "Utakaa nacho mpaka lini?"

Ilikuwa sauti ya mjomba wake, mdogo wa mama, fundi wa kupaka rangi nyumba. Inspekta alichungulia kupitia tundu la kitasa. Mjomba alikuwa amekaa juu ya benchi la kazi, amevaa kofia na kuivuta hadi kwenye nyusi. Tangu lini mjomba akavaa kofia?

"Nimekaa nacho miaka mingi," baba alijibu kwa unyonge. "Leo nikiachie kikatwe hivi hivi?"

"Si kimeanza kukuletea taabu? Na kila ukichelewa, ndivyo kazi ya kukiondoa inavyokuwa kubwa. Yule mtu nimeshazungumza naye. Anaijua kazi yake, hana longolongo. Unaingia asubuhi, mchana umeshamaliza, unarudi zako nyumbani."

"Na dada yako je?"

"Dada asijue kwanza. Si unamfahamu? Akisikia tu, usingizi ndiyo basi. Tukishamaliza ndipo tumweleze."

Inspekta alitaka kuondoka kimyakimya. Aliporudi nyuma kidogo, kiwiko chake kikagonga mlango, nao ukalia. Hakuwa na njia ila kujitokeza na kusema, "Hodi! Nimeleta chai."

Baba akakamata randa na kuanza kulainisha ubao uliokwisha kulainishwa. Mjomba akaishika kofia yake, akaivuta chini zaidi.

"Karibu, Inspekta," baba alisema, kwa uchangamfu uliozidi kiasi. "Umefika sasa hivi?"

"Sasa hivi," alijibu. Na wao walimtazama kwa namna ya kutaka kujua kama ni kweli.

Njiani alirudi polepole, akiyapanga maneno aliyoyasikia. Kikatwe. Kiondolewe. Nimekaa nacho miaka mingi. Ni kitu gani hicho? Kiti? Nani amfiche mkewe habari za kiti? Kitanda? Hakuna anayekata kitanda. Alipokata kona ya nyumbani, macho yake yakaangukia kipande cha ardhi kilichokuwa ubavuni mwa nyumba yao, kimezungushiwa uzio wa mabaki ya mbao, akasimama.

Kiwanja!

Kiwanja kile baba alikuwa amekitunza tangu kabla Inspekta hajazaliwa. Kila mwaka aliahidi kwamba atajenga vyumba viwili hapo: kimoja cha ushonaji, mama apate kuondoa cherehani sebuleni, na kingine cha Inspekta mwenyewe, chenye dirisha na rafu ya vitabu. Sasa kumbe kilikuwa kinakatwa vipande na kuuzwa! Tena anayeshawishi ni mdogo wake mama, aliyekula nyumbani kwao, akacheka nao, akabebwa na dada yake mgongoni alipokuwa mtoto. Tena kwa siri, mama asijue.

Kuanzia siku hiyo alianza kumchunguza baba yake kama ambavyo hajawahi kumchunguza mtu. Na kila alichokiona kilimwongezea shaka. Baba aliyekuwa akivua shati mara tu anapoingia nyumbani, sasa alikula na shati, akalala na shati. Alimletea mama mashati yake ampanulie mabega, akidai yanambana, ingawa alikuwa hajanenepa hata kidogo. Aliacha kubeba mbao begani; alizibeba kichwani, au aliziburuta. Inspekta hakuona mbao zinahusiana vipi na kiwanja, lakini hilo nalo alilihifadhi akilini. Jioni moja alimkuta baba amesimama peke yake karibu na uzio, ameshika bega, anakitazama kiwanja kimya kimya.

Anakiaga, Inspekta aliwaza.

Shuleni alimweleza rafiki yake wa dawati, msichana mwenye mwanya aliyeitwa Kijino. Kijino alisikiliza mpaka mwisho, huku akitafuna ncha ya penseli.

"Sasa si umuulize tu baba yako?"

"Wewe nawe! Mtu anayeficha jambo haulizwi. Ukimuuliza unampa nafasi ya kutunga uongo."

"Basi mwambie mama yako."

"Nikimwambia bila ushahidi watakana, halafu mimi ndiye nitakayeonekana mchonganishi."

Kijino akapandisha mabega. "Mimi kwetu nikitaka kujua kitu, nauliza. Mara nyingine napata jibu, mara nyingine nafukuzwa. Lakini sikondi."

Inspekta aliona rafiki yake hajui kazi ya upelelezi. Akaamua kuendelea peke yake.

Siku chache baadaye, mama akiwa ameenda sokoni kununua vifungo na uzi, mlango ukagongwa. Alikuwa mjomba, suruali imetapakaa matone ya rangi, kofia kichwani. Aliangaza huku na huko kabla ya kusema.

"Mama yupo?"

"Hayupo."

"Vizuri. Sikiliza, mjomba. Simu ya baba yako haipatikani, na mimi ninangojwa kazini, siwezi kupita karakana. Mwambie yule mtu anakuja kesho asubuhi. Kesho tu, umenielewa? Akimkosa, basi mpaka mwezi ujao. Mwambie aje mapema, na avae shati la vifungo. Na wewe usimwambie mama."

Inspekta alimtazama usoni. Pale chini ya kofia, juu ya nyusi, aliona ncha ya kitu cheupe kama plasta. Labda alipigana na watu aliowadhulumu, alifikiri.

"Nitamwambia," alisema.

Mjomba akampapasa kichwani na kuondoka kwa haraka. Inspekta akafunga mlango, akauegemea. Kwa hiyo mnunuzi anakuja kesho! Ndiyo maana baba avae shati zuri la vifungo. Alimwona mtu huyo akilini: mnene, ana mkoba, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akimkosa, mpaka mwezi ujao. Mwezi mzima! Katika muda huo mama angeweza kushtuka mwenyewe, au baba angeweza kubadili nia.

Jioni baba aliporudi, alinawa mikono, akakaa, akauliza kama mtu asiyejali sana, "Mjomba wako hajapita hapa leo?"

Mama alikuwa jikoni.

"Hapana, baba. Sijamwona."

Baba alitikisa kichwa polepole. Inspekta alitegemea kuona hasira au wasiwasi usoni mwake. Badala yake, kwa namna ya kushangaza, baba alishusha pumzi kama mtoto aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Hilo nalo halikumwingia akilini. Lakini usiku huo Inspekta alilala akijiona shujaa aliyeokoa nyumba yake.

Wiki haikuisha vizuri. Alasiri moja alifika karakana na kumkuta baba akiinua ubavu wa kabati, peke yake. Ubao uliteleza, ukingo wake ukamwangukia begani. Halikuwa pigo la kumwangusha mtu mzima. Hata hivyo baba alipiga magoti kwenye maranda, akauma meno, na sauti iliyomtoka Inspekta hakuwahi kuisikia kwake.

"Baba! Umeumia?"

"Kidogo tu," alisema, jasho likimtiririka. "Usimwambie mama yako, atapata presha bure."

Tena usimwambie mama! Kila kitu siku hizi kilikuwa usimwambie mama.

Kesho yake baba hakuweza kuamka. Mwili ulikuwa unamchemka, na alikuwa akitetemeka ndani ya blanketi. Mama alimgusa paji la uso, akashtuka, akamwambia avue shati lililolowa jasho. Baba alikataa. Mama akashika kola, naye akapiga ukelele; kitambaa kilikuwa kimegandia ngozi. Hapo mama hakubishana tena. Alikwenda kwenye cherehani, akarudi na mkasi wake mkubwa, akalikata shati kutoka kwenye kola hadi kwenye mkono.

Inspekta, aliyesimama mlangoni, aliona. Juu ya bega, karibu na shingo, palikuwa na uvimbe wenye ukubwa wa ndimu. Ngozi yake ilikuwa imewiva nyekundu, inang'aa, na pembeni palikuwa na tundu dogo linalotoa usaha.

"Hii ndiyo ile sugu ya kubebea mbao?" mama aliuliza kwa sauti iliyokauka. "Miaka yote umeniambia ni sugu."

Mama akageuka. "Inspekta, kimbia ukamwite mjomba wako. Sasa hivi!"

Alikimbia. Njiani kila kitu kilianza kujipanga upya kichwani mwake, tena bila yeye kutaka. Mashati yaliyopanuliwa mabega. Mbao zilizoacha kubebwa begani. Mkono ulioshika bega pale karibu na uzio. Kikatwe. Kiondolewe. Kivimbe. Alikimbia zaidi, kana kwamba angeweza kuliacha wazo hilo nyuma.

Mjomba alikuja bila hata kuvaa kofia. Juu ya nyusi yake palikuwa na kovu jembamba, jipya, lililonyooka vizuri kama mshono wa mama. Aliingia chumbani akihema.

"Shemeji! Nilikuambia usikichezee. Kwa nini hukuja siku ile? Daktari alikungoja mpaka akachoka."

"Siku ipi?" Baba alinyanyua kichwa. "Mimi nilikuwa nangoja habari zako. Hukupita."

Mjomba alifungua mdomo ajibu. Kisha macho yake yakamwangukia Inspekta. Walitazamana, na Inspekta akajua kwamba mjomba ameelewa.

Mama alimgeukia mdogo wake, macho mekundu. "Kwa hiyo wewe ulijua! Ulijua mume wangu ana uvimbe, ukanificha. Halafu hata kumletea habari za daktari ukashindwa? Wewe, niliyekulea kwa mikono hii?"

Mjomba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Labda kazi zilinizidi. Labda nilisahau."

Inspekta angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo. Hakuna aliyekuwa akimshuku. Mtu aliyemfikiria kuwa mwizi wa kiwanja alikuwa amesimama pale, anakaripiwa kwa kosa lisilo lake, na hakuwa akimnyooshea kidole.

"Hakusahau," alisema.

Wote wakamtazama.

"Alikuja hapa. Alinipa ujumbe, mimi sikuufikisha. Na baba aliponiuliza, nikamdanganya."

"Kwa nini?" mama aliuliza. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

"Nilidhani wanauza kiwanja."

"Kiwanja gani tena?"

"Niliwasikia karakana. Mjomba alisema kikatwe tu, na wewe usijue. Nikajua ni kiwanja." Machozi yalianza kumtoka. "Nilitaka kukusaidia, mama."

Baba alimkodolea macho, kisha, pamoja na homa yake, akaanza kucheka huku akishika bega. "Aah! Usinichekeshe, inauma. Yaani nimelala hapa bega linawaka moto, kumbe nimekwisha uza kiwanja!"

Mama hakucheka. "Vaa viatu," alimwambia mumewe. "Haya mengine tutayazungumza. Sasa tunakwenda kituo cha afya, na hakuna mtu atakayeniambia nibaki."

Njiani Inspekta alitembea nyuma na mjomba.

"Mjomba, nisamehe. Nilikuona mtu mbaya."

"Na ile kofia ilinisaidia kuonekana hivyo," mjomba alisema, akigusa kovu lake. "Nilikuwa na kinundu hapa. Daktari yuleyule alikitoa. Nikaona aibu watu kuniuliza, ndipo nikavaa kofia."

"Kwa nini ulitaka kunibebea kosa?"

"Nilitaka useme mwenyewe. Ningekusema mimi, ungekuwa umeshikwa tu."

Daktari wa zamu alimpima baba, akamsafisha, akamtolea usaha na kumpa dawa za kuua vijidudu. Aliwaeleza kwamba uvimbe ule ni kifuko kilicho chini ya ngozi, na kukitoa chote ni kazi ndogo. Lakini kikiwa kimeshaingiwa na vijidudu, si wakati mzuri wa kukikata. Lazima kwanza uwekundu upungue. "Ungekuja siku chache zilizopita," alisema, "ungekuwa umeshamaliza."

Inspekta alitazama sakafu. Hakuna aliyemtupia neno, lakini neno lilimfikia.

Mwezi uliofuata, siku ambayo yule daktari wa upasuaji aliyezungumza na mjomba hukitembelea kituo, walikwenda wote. Inspekta alikuwa amejiandaa kumwona yule mtu mnene mwenye mkoba. Mlango ulipofunguliwa akatoka mwanamke mfupi, ana miwani, amevaa viatu vya raba.

"Nani kati yenu ndiye mwenye bega?" aliuliza.

Baba, mtu aliyezoea misumeno na patasi, alisimama na miguu ikakataa kwenda. "Daktari, itauma?"

"Sindano ya ganzi itauma kidogo, kama kuumwa na siafu. Baada ya hapo utasikia nakugusa, lakini hutasikia maumivu. Hutalala usingizi, tutapiga soga."

Mlango ukafungwa. Inspekta na mama walibaki kwenye benchi la ukumbini. Harufu ya dawa ilijaa kila mahali. Kutoka ndani ilisikika milio midogo ya vyuma kwenye sinia, na mara kwa mara sauti ya baba. Inspekta alianza tena. Mbona yule muuguzi ametoka haraka hivi? Mbona hakututazama? Kwa nini anachukua kichupa? Wanaficha nini? Mawazo yalimpanda kama mchwa. Alitaka kusogea mlangoni atege sikio, na mguu mmoja ukatangulia. Kisha akamwona mama, mikono imekunja kanga magotini, midomo ikicheza kimya kimya. Akarudi akakaa, akamshika mkono.

Baba alitoka anatembea mwenyewe, bandeji begani, anatabasamu kama aliyeshinda mashindano. "Hata sikujua ameanza," alisema. "Mimi namweleza habari za makabati, yeye ameshafika kwenye kushona!"

Daktari alimfuata nyuma. Muuguzi alipita na kichupa chenye maji maji na kitu cheupe kinachoelea. Inspekta alikiona. Safari hii aliinua mkono, kama yuko darasani.

"Daktari, naomba kuuliza. Kile ni nini, na kinakwenda wapi?"

"Ndicho nilichokitoa begani kwa baba yako. Kinakwenda maabara."

"Kama hakina ubaya, kwa nini mnakipeleka maabara? Kuna jambo mnatuficha?"

Mama alitaka kumkemea, lakini daktari akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti, akachuchumaa mbele yake.

"Swali zuri. Vivimbe vingi vya ngozi havina madhara, na hiki kina kila dalili ya kuwa miongoni mwao. Nimeviona vingi. Lakini hayo ni maoni yangu kwa kutazama na kushika. Kule maabara watakikata vipande vyembamba, watakitazama kwa hadubini, kisha wataniambia kama nilikuwa sahihi au nimekosea. Sifichi kitu. Nahakikisha."

"Hata wewe unaweza kukosea?"

"Ndiyo. Kwa hiyo sitangazi kabla ya kupata jibu."

Inspekta alikuwa ametangaza moyoni mwake siku ileile ya kwanza, nyuma ya milango isiyopakwa vanishi, na hakuhakikisha hata kwa swali moja.

Nyuzi zilitolewa, kidonda kikafunga vizuri. Daktari aliporudi tena, alikuwa na jibu: kifuko kile hakikuwa na ubaya wowote. Mama alipolisikia, alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kanga yake na kulia, na baba akasimama karibu naye asijue aweke wapi mikono.

Jioni ile mama hakugusa cherehani. Aliwaketisha wote watatu sebuleni: mumewe, mdogo wake na binti yake.

"Mnajua dada yangu mkubwa alifariki kwa uvimbe," alianza. "Kwa hiyo mkaona nisiambiwe, nisiogope. Lakini hamjui nilichokiogopa. Dada aliuona uvimbe wake ungali mdogo. Aliuficha chini ya nguo zake, akitabasamu, kwa sababu hakutaka kututia wasiwasi. Tulipokuja kuuona, madaktari wakatuambia tumechelewa. Sikuogopa uvimbe, jamani. Niliogopa kufichwa."

Mjomba alitazama viganja vyake. Baba alikohoa kidogo, akasema, "Mimi niliogopa kisu. Na nilipoambiwa shemeji hajapita, nilifurahi. Ningeweza kumfuata mwenyewe, sikumfuata. Hilo ni kosa langu, si la mtoto."

"Kila mmoja ana lake," mama alisema. Akamgeukia Inspekta. "Na wewe, mwanangu. Sikukatazi kuwa na macho makali. Mashati yale uliyaona kabla yangu mimi niliyeyashona. Lakini ukiona kitu, njoo uulize. Ukijijibu mwenyewe, unaweza kumhukumu mtu anayetupenda. Na ukishajijibu vibaya, uongo unaingia kirahisi, kwa sababu unauona kama msaada. Baba yako angeweza kupata madhara makubwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na humu ndani, kuanzia leo, mwili wa mtu ukiota kitu, kiwe kidogo kama mbegu, kitaonyeshwa. Hakitaminywa, hakitapakwa dawa za kuokota, hakitafichwa. Kitaonwa na mtu aliyesomea. Kisipokuwa na ubaya tutacheka. Kikiwa na ubaya tutakuwa tumewahi."

Wote waliitikia. Inspekta alikuwa anajikunakuna kidole cha mguu, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama," alisema, akivua soksi. "Mimi nina kitu kama chunjua hapa chini ya kidole. Nilikuwa nakikata kwa wembe kila kikiota."

Baba na mjomba walitazamana. Mama alivuta kiti chake karibu, akawasha taa, akanyoosha mkono.

"Lete mguu nione," alisema. "Na kesho tunakwenda wote wawili."